Milembe Jilala Alikuwepo

Jumamosi, tarehe 11 Februari mwaka huu, tulimpoteza Milembe Jilala. Tulimzika Jumatatu huko Buseresere, nyumbani kwa mwanawe wa kwanza. Nilipanda basi nikaenda, ingawa magoti yangu hayapendi tena safari. Kijana mmoja wa ukoo alisoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri. Akasema marehemu alizaliwa upande wa Shinyanga, akaolewa, akajaliwa watoto watano, akawa mkulima hodari wa pamba. Kisha akasema: "Kutokana na ulemavu wake wa kutosikia, marehemu hakubahatika kusoma."

Sikusimama. Msibani si mahali pa mzee kubishana na kijana aliyeshika karatasi. Nilitupa udongo wangu kaburini nikarudi nyumbani. Lakini neno lile limenikaa kooni, na kwa kuwa ninyi vijana mnaoshika chaki leo mmeniomba mara kwa mara niwaandikie mambo ya kazi yetu ya zamani, nimeamua kuanza na hili. Milembe alisoma. Mimi ndiye niliyemfundisha darasa la nne, na mimi ndiye niliyemwandika kwamba hayupo. Yote mawili ni kweli, na la pili ndilo linaloniuma.

Mimi sikusoma sana. Nilimaliza darasa la nane, nikakaa miaka miwili chuo cha ualimu, nikapewa cheti cha daraja la chini. Kwetu ni Usumbwa. Januari 1953 nilipelekwa kufundisha katika shule ya vijijini, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mwadui. Majengo yalikuwa mawili, ya matofali mabichi, na nyuma yake zizi la jirani ambalo harufu yake iliingia darasani kabla ya wanafunzi. Kisukuma changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa tu.

Mwalimu mkuu aliitwa Nestori. Alikuwa amepigana Burma, akarudi na kifua kipana, sauti ya gwaride na masharubu mazito yaliyofunika mdomo wote wa juu. Siku ya kwanza alinikabidhi vitu vitatu: boksi la chaki, fimbo na rejista ya mahudhurio.

"Chaki ikiisha utaomba nyingine," aliniambia. "Fimbo ikivunjika utakata nyingine. Hiki kitabu ukikiharibu, utarudi kwenu kulima."

Rejista ya siku zile ilikuwa kitabu kikubwa cha jalada gumu. Mtoto aliyekuwepo aliwekewa mstari, asiyekuwepo aliwekewa duara. Kwa wino, si penseli. Hakuna kufuta, hakuna kukwaruza. Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu alitia saini chini ya ukurasa, na mkaguzi alipokuja kitu cha kwanza kukiomba kilikuwa kitabu hicho, hata kabla ya maji. Kwa mkaguzi, mtoto alikuwa kile kilichoandikwa humo.

Nilijivunia kuita majina haraka. Nilikuwa na watoto arobaini na kitu, na niliwamaliza kabla vumbi la gwaride halijatulia. Kichwa chini, kalamu mkononi. "Masunga Shija." "Nipo." Mstari. "Kulwa Maige." "Nipo." Mstari. "Milembe Jilala." Kimya. Duara. Ninaendelea.

Wasichana walioandikishwa na kisha kubaki nyumbani walikuwa wengi. Mmoja anachunga, mwingine analea mdogo wake, mwingine ameshachumbiwa. Kwa hiyo sikushangaa kwamba huyo Milembe Jilala haji. Niliweka duara Januari, nikaweka Februari, nikaendelea kuweka.

Sasa sikilizeni. Dawati la mbele, karibu na dirisha, alikaa msichana mrefu asiyesikia. Watoto walimwita Bubu. Nestori alimwita Bubu. Nami, naona haya kuandika, nilimwita Bubu tangu wiki ya kwanza. Sikuuliza jina lake, wala sikusoma lililoandikwa juu ya daftari lake. Nilidhani ameruhusiwa tu kukaa darasani ili asipotee porini, na kwamba hakuandikwa popote. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa amehamishwa kabla sijafika, hakuniachia neno. Nestori aliyempokea mtoto miaka mitatu kabla alikuwa amesahau, maana wazazi walileta watoto wengi na yeye alikuwa na mambo mengi. Kila mwisho wa mwezi alitia saini bila kusoma. Basi kila asubuhi nilimwandika Milembe Jilala hayupo, halafu nikainua kichwa nikampa chaki Bubu aje ubaoni atufanyie hesabu ya mgawanyo, kwa sababu darasa zima hakuna aliyemfikia.

Mwezi wa Machi, nilipoita jina hilo, Masunga alinyoosha kidole. "Mwalimu, yupo."

"Nimekuuliza wewe?" nilimjibu. "Kaa chini. Kila mtu ajibu la kwake."

Akakaa. Hakuna mtoto aliyesema tena. Kule kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa, na nilikuwa nimeshamwonyesha fimbo iko wapi. Mkinisikia nikisema kwamba walimu wa zamani tulikuwa na nidhamu darasani, kumbukeni na hilo.

Nimeambiwa baadaye jinsi alivyoletwa shuleni. Baba yake, mzee Jilala, alikuwa mfugaji wa ng'ombe wengi na maneno machache. Mtoto alipatwa na homa kali akiwa na miaka mitano, akapona mwili, masikio yakabaki huko. Siku ya kuandikisha, Nestori alimuuliza mzee, "Huyu atasikia nini hapa?"

"Umetangaza unataka watoto wenye afya na macho," Jilala alimjibu. "Nimekuletea vyote viwili. Masikio hukuyataja."

Nestori alicheka, akamwandika. Ndiyo maana jina lilikuwa kitabuni.

Nilimfundishaje? Kwa kukosea kwanza. Wiki ya kwanza nilimpigia kelele. Niliinama sikioni mwake nikapaza sauti mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia, na watoto wakalala chini kwa kicheko. Yeye alinitazama usoni kwa huruma, akanionyesha kwa kidole mdomo wangu, kisha akafunga na kufungua mkono wake polepole. Maana yake: usiupanue hivyo, siuelewi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu alinifundisha kazi yangu.

Baada ya hapo niliacha kuongea na ubao. Niliandika kwanza, nikanyamaza, nikageuka, ndipo nikasema. Mjaribu leo muone ilivyo ngumu. Ulimi unataka kusema wakati mkono unaandika. Nilijifunza kusimama ambapo mwanga wa dirisha unanipiga usoni, si mgongoni, maana nikisimama na dirisha nyuma yangu uso unakuwa kivuli na yeye haoni kitu. Niliacha kutafuna kijiti cha mswaki darasani. Nilipotaka kuanza jambo jipya nilipiga ubao mara mbili kwa kiganja. Yeye hakusikia, lakini jirani yake Kulwa alimgusa kiwiko. Na mnajua kilichotokea? Darasa zima likaanza kupata imla vizuri kuliko zamani. Watoto wa Kisukuma ambao Kiswahili kwao kilikuwa kigeni nao walikuwa wanahitaji kuuona mdomo wa mwalimu. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Mwezi wa Septemba Nestori alianza kuandaa orodha ya watakaofanya mtihani wa darasa la nne. Ule mtihani ulikuwa mlango. Ukifaulu na ukapata nafasi unakwenda shule ya kati. Usipofanya, umerudi shambani. Nestori alitumia rejista. Aliyekosa sana alikatwa. Milembe Jilala, mwenye duara tangu Januari, alikatwa wa kwanza. Orodha ikabandikwa mlangoni.

Siku ya tatu mzee Jilala akaja. Hakujua kusoma, lakini Milembe alikuwa amemwonyesha kwa mikono kwamba jina lake halipo.

"Mwangaluka, mwalimu," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Karibu."

"Mwanangu amewakosea nini hapa shuleni? Anasema jina lake mmelitupa."

"Mwanao ni nani?"

"Milembe."

"Mzee," nikamwambia, na nilisema kwa upole wa mtu anayejua yuko sawa, "Milembe hajaja shule mwaka mzima. Ningekuwa wewe ningemuuliza anashinda wapi."

 Jilala akanyoosha fimbo yake ya kuchungia, akaelekeza dirishani, dawati la mbele. "Yule pale ni nani?"

  Nilikuwa nimefungua mdomo kusema "Bubu", na nikajisikia mwenyewe.

"Kila siku anatoka kwangu kabla ya ng'ombe," mzee akasema. "Anarudi na vumbi la chaki. Mimi ng'ombe wangu siwahesabu kwa kuita, mwalimu. Nasimama mlangoni mwa zizi, namwangalia mmoja mmoja anavyopita. Huyu mwekundu, huyu wa pembe moja. Nikikosa mmoja najua ni yupi. Wewe unawahesabuje wako?"

Nilimpelekea Nestori kitabu. Alikipitia ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa ulikuwa na saini yake chini. Akavuta pumzi. Akafunga mlango wa ofisi, akatoa wembe kwenye droo.

"Kwaruza," alisema. "Polepole. Kila duara ligeuze mstari. Nitakusaidia, tutamaliza Jumamosi hii."

"Wataona."

"Wataona, lakini hawatasema. Au acha kama ilivyo. Mtoto wa kike, tena hasikii, mwakani anaolewa. Wewe bado kijana, daraja lako linapandishwa karibuni. Unataka kulitupa kwa ajili ya nini?"

Nestori hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amenipa kitanda nilipofika, na chumvi, na ushauri. Lakini nilimwambia sikwaruzi. Nilishamwandikia mtoto uongo miezi tisa. Sikutaka kuufunika kwa uongo wa pili. Nilichukua wino mwekundu. Chini ya kila mwezi, Januari mpaka Septemba, niliandika: "Milembe Jilala alikuwepo. Nilimwita bila kumtazama, naye hasikii. Kosa ni la mwalimu." Nikaweka jina langu. Kisha nikamwandikia mkaguzi barua yenye maneno yaleyale, nikaomba mtoto aongezwe kwenye orodha.

"Umejichimbia shimo," Nestori alisema.

"Nimelichimba tangu Januari," nikamjibu. "Sasa ninalionyesha tu."

Mkaguzi alikuja Oktoba na gari lililojaa vumbi. Alikuwa mtu wa soksi ndefu na suruali fupi iliyopigwa pasi. Safari hii pia hakuomba maji.

"Nani ameandika hadithi kwenye kitabu cha serikali?"

"Mimi, bwana."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba ruhusa."

"Unajua kwamba maneno haya yanakushtaki wewe mwenyewe?"

"Ndiyo maana nimeweka jina."

Akamgeukia Nestori. "Huyu kijana yuko timamu?" Nestori akatazama viatu vyake.

"Haya, tuseme alikuwepo," mkaguzi akaendelea. "Mtihani una imla. Asiyesikia atafanyaje imla?"

"Anaona maneno mdomoni, bwana. Mjaribu mwenyewe."

Tukaingia darasani. Watoto wakasimama. Nilimpa Milembe chaki, akaenda ubaoni, akageuka kumtazama mgeni. Nikamwomba mkaguzi aseme chochote bila kutoa sauti, ili asije akadhani watoto wanamnong'oneza. Akafikiri kidogo, akachezesha midomo. Hakuna aliyesikia kitu, hata mimi niliyesimama ubavuni kwake. Milembe akageuka, akaandika kwa mwandiko wake mnyoofu: Mwalimu huyu mkaidi.

Darasa likasoma. Masunga alianza kucheka, wakamfuata wote. Mkaguzi alijikaza, lakini nyusi zilimsaliti. Hakuuliza mara ya pili.

"Atafanya," alisema tulipotoka nje. "Lakini imla itasomwa na mwalimu mkuu kama kanuni inavyosema, si na wewe. Na wewe tutakuandikia barua. Mtu asiyeona mwanafunzi mbele yake miezi tisa hawezi kubaki hivihivi."

Sikubisha. Alikuwa na haki kwa hilo.

Sasa tatizo likawa masharubu. Tulipofanya imla ya mazoezi, Nestori akisoma, Milembe aliandika neno moja kati ya matano. Mdomo wa juu wote ulikuwa porini. Milembe aliweka kalamu chini, akanitazama, akapitisha kidole juu ya mdomo wake kama mtu anayefagia. Nilimweleza Nestori. Alikasirika kweli.

"Masharubu haya yametoka Burma," alisema. "Wajapani hawakuyanyoa. Mke wangu hajawahi kuniona bila haya. Nimnyolee msichana mmoja?"

"Hata kuyapunguza tu, mwalimu."

"Toka ofisini kwangu."

Nikatoka. Wiki mbili hatukuzungumza ila mambo ya chaki. Asubuhi ya mtihani nilikuwa napanga madawati, akaingia. Sikumtambua. Mdomo wa juu ulikuwa mtupu, una rangi nyingine, na kijidonda cha wembe pembeni. Alionekana mdogo kwa miaka kumi. Watoto waliuma vidole wasicheke.

"Anayecheka leo anacheka kwa mara ya mwisho," Nestori alisema. Akasogea dirishani, mwanga ukampiga usoni, akafungua kitabu, akasubiri Milembe ainue macho. Ndipo akaanza kusoma.

Nimekaa katika kazi hii miaka thelathini na sita baada ya siku ile. Nimefundisha Geita kwenye machimbo, kwa watoto wa watu waliotoka kila kona ya nchi, na kila mahali nimeita majina nikiwa nimesimama mlangoni, kila mtoto akipita mbele yangu, mkono wangu begani mwake. Wenzangu walinicheka kwa kuchelewa. Siku hizi mna fomu zenye kisanduku cha ulemavu, mnaweka alama ya vema na fomu inakwenda wilayani. Sina ugomvi na fomu. Nina ugomvi na yule anayeweka alama halafu hajui mtoto anakaa dawati lipi. Msiniambie watoto ni wengi. Nami nilikuwa nao wengi. Msiniambie hamkufundishwa, mimi pia sikufundishwa, nilifundishwa na mwanafunzi mwenyewe.

Majibu ya mtihani yalikuja mwishoni mwa Januari 1954, siku moja na barua ya uhamisho wangu. Mimi nilitakiwa kwenda shule ndogo upande wa Geita, kwa daraja lilelile. Milembe alikuwa amefaulu, wa tatu katika shule yetu. Lakini kulikuwa na barua ya tatu, kutoka shule ya kati ya wasichana. Lori la kunichukua lilikuwa limeshafika barabarani, dereva anakunywa uji kwa mama mmoja. Mzee Jilala alikuwa ofisini na binti yake. Nestori aliisoma barua kwa sauti, uso akimwelekezea Milembe ili naye aone.

"Shule haina utaratibu wa kupokea mwanafunzi kiziwi."

"Utaratibu ni mnyama gani?" Jilala aliuliza.

"Hata sisi hatukuwa naye," Nestori alisema.

"Kwa hiyo hapokelewi."

"Hapokelewi, mzee."

 Milembe alikuwa ameelewa. Alikuwa ameelewa kabla ya baba yake. Alisimama wima, mikono nyuma, kama siku ya mkaguzi. Nestori aliikunja barua, akaiweka mezani, akaitazama, kisha akaenda kabatini akatoa rejista ya mwaka uliopita. Akaifungua Januari. Palikuwa na saini yake chini, na juu yake wino wangu mwekundu.

"Nipe ile chupa ya wino," aliniambia.

Nikampa. Chini ya maneno yangu akaandika: "Ni kweli. Na mimi nilitia saini bila kusoma. Mwalimu Mkuu." Akaweka jina lake zima. Akafungua Februari.

"Mwalimu," nikasema, "watakuhamisha na wewe."

"Wanihamishe. Lori lina nafasi."

Milembe alichukua karatasi ya kukaushia wino, akawa anakausha kila ukurasa Nestori anapomaliza. Kwenye Februari alisimama akasoma. Sidhani kama alikuwa ameyaona maneno yale kabla. Alisoma yote, yangu na ya Nestori. Kisha akainua macho akaninyooshea kidole, nyusi juu: wewe?

Nikatikisa kichwa kukubali. Mimi.

Nje dereva akapiga honi. Nestori hakuinua kichwa. "Mwambieni asubiri," alisema, "tuko Machi." Milembe aliendelea kunitazama kwa muda, kisha akainama, akaikandamiza karatasi juu ya wino, akamgeuzia Nestori ukurasa.